Ukingo wa Mfereji

Mtu aliyezaliwa Lumuma hujifunza kuendesha baiskeli juu ya ukingo wa mfereji, si kwa sababu ukingo ni mahali pema pa kujifunzia, maana hakika ni mahali pabaya kupita pote, bali kwa sababu hapana pengine palipo sawa. Bonde letu limebanwa na milima ya Rubeho. Barabara ni mawe, majaruba ya vitunguu ni matope, na vijia vya mlimani, ambavyo mbuzi huviona ni rahisi, humtoa jasho hata mtu mzima aendaye kwa miguu bila mzigo. Uliobaki ni ukingo: mstari wa udongo ulioshindiliwa, upana wake hatua moja na nusu, uliochongwa na wazee waliotutangulia kwa jembe na kwa jicho tu, pasina kipimo cha mhandisi, ukaambaa na ubavu wa mlima kwa kushuka kidogo kidogo mno, hata mtazamaji akaapa kwamba hapana mteremko, ilhali maji yanaujua na yanaufuata usiku na mchana.

Mwaka 1971 nilikuwa na umri wa miaka 12, na mjomba wangu alikuwa na baiskeli nyeusi aina ya Phoenix, iliyotoka China, ambayo aliistahi kuliko alivyowastahi baadhi ya jamaa zake, na nikiwakumbuka jamaa wale sidhani kama alikosea. Sisi Wasagara huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye aliyekuwa na haki ya kunilea, kunituma na kuniadhibu. Ila ruhusa ya kupanda baiskeli yake hakunipa. Siku moja, alipokwisha kutawadha na kusimama katika sala ya adhuhuri, niliitoa ukutani, nikaikokota mpaka mferejini, nikapenyeza mguu wa kulia katikati ya fremu, kwa kuwa kiti kilikuwa juu mno kwangu, nikaenda upande upande kama kaa wa pwani, mnyama ambaye wakati huo sijapata kumwona ila katika kitabu cha shule.

Nilikwenda mbali kuliko nilivyotarajia, na furaha ndiyo iliyoniponza. Asubuhi ile maji yalikuwa yamefunguliwa kwa wingi kutoka banioni, yanapochepushwa toka mtoni, ukingo umelowa hadi moyoni, na palipokuwa na kona, mahali ambapo wakubwa wote walishuka wakaikokota baiskeli kwa mkono, mimi sikushuka. Gurudumu la mbele lilizama, ukingo ukamegeka kama mkate, nikaanguka mimi, ikaanguka baiskeli, kisha yakaja maji, ambayo hayakuwa na haraka yoyote wala hayakuhitaji kuwa nayo. Chini yetu palikuwa na majaruba ya mama mmoja mjane, aliyekwisha kuilea miche yake kitaluni wiki sita na kuihamishia shambani siku tatu tu kabla ya siku hiyo. Na mche wa kitunguu uliopandwa siku tatu zilizopita haujashika ardhi, umeazimwa tu. Nilisimama ndani ya matope nikiitazama ile miche ikielea, mizizi juu, ikienda zake kama watu wanaohama.

Baraza la wazee wa maji lilikaa jioni ile ile chini ya mwembe. Kwetu maji hugawiwa kwa zamu, saa kwa saa, mchana na usiku. Na wakati wa kiangazi, mto Lumuma unapopungua, mtu aliyepewa zamu ya usiku wa manane hulala mferejini na taa yake ya chemli, asije jirani akafungua mdomo wa jaruba lake kwa bahati mbaya inayojirudia kila usiku. Hukumu zilikuwa mbili. Mimi nitafanya kazi ya kuziba na kusafisha mfereji pamoja na wakubwa kwa siku saba. Na mjomba atatoa zamu yake moja impate yule mama. Hiyo ya pili ndiyo iliyonichoma, maana vitunguu vya mjomba vilikuwa vinajaza tumba, na zamu moja ikikosekana wakati huo haifidiwi na dua wala mbolea. Mjomba hakusema neno. Aliyesema ni mzee aliyekuwa mkubwa wa baraza, aliyeniita kando, akanionyesha ukingo kwa fimbo yake.

"Mjukuu wangu, unauona huu? Wewe unadhani ni njia. Huu ni ubavu wa mtungi. Watu hupita juu yake kwa kuwa tumewastahi, na mtu apitaye juu ya mtungi wa watu hupita polepole."

Nilimwitikia, "Ndiyo, Babu," kama mtoto anavyopaswa kuitikia, nisielewe ila kwamba siku saba ni nyingi.

Yapata miaka minne baadaye ndipo nilipopewa baiskeli ile kwa idhini, na si kwa tafrija. Vitunguu vyekundu vya Lumuma vilikuwa na sifa tangu hapo, navyo ilibidi vifike Kidete, penye stesheni ya Reli ya Kati, ili viendelee Dar es Salaam. Mzigo ulifungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu vilivyochanwa mithili ya kamba, maana kamba ya katani hulegea, ilhali mpira hushika kama deni. Gunia lilikuwa lumbesa, yaani limeshonwa kwa kuongezewa kichwa juu ya kipimo chake, dhuluma ambayo mnunuzi aliiita desturi na sisi tuliibeba mgongoni mwa baiskeli kwa malipo ya gunia la kawaida. Penye mpando, mmoja alishika usukani na mwingine akasukuma kwa fimbo iliyofungwa nyuma ya kiti. Penye mteremko, breki za Phoenix zilipochoka, tulikanyaga tairi la nyuma kwa kandambili zilizokatwa kutoka tairi la gari, hata moshi ukatoka. Sijapata tangu hapo kumwona mwanariadha aliyeijua baiskeli kama walivyoijua vijana wa Lumuma waliokuwa na mama wa kulisha.

Njia ya Kidete nayo ilifuata maji. Mto Lumuma hutelemka kuelekea Mkondoa, na Mkondoa huenda Kilosa, huingia katika Wami, na Wami humwaga baharini kati ya Bagamoyo na Saadani. Basi kila aliyetaka kupanda bara kutoka pwani, kwa miguu, kwa punda au kwa mvuke, alijikuta akifuata mtiririko huo kinyumenyume. Misafara ya pembe na vitambaa ilipita hapa. Burton na Speke walipumzika kwetu mwaka 1857, na Burton akauandika mji wetu kwa jina la Rumuma, akiutaja kuwa kituo kilichopendwa na misafara kwa wingi wa chakula. Mfaransa mmoja, nahodha Bloyet, aliweka kituo Kondoa, karibu na Kilosa, mwanzoni mwa miaka ya 1880, naye huenda ndiye wa kwanza wa taifa lake kukaa Usagara kwa makusudi ya kukaa. Kisha wakaja Wajerumani na reli yao, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, na wao pia, pamoja na darubini zao zote za kupimia, hawakuona njia bora kuliko ile aliyokwisha kuichagua Mkondoa.

Lakini maji humkopesha mtu mteremko, na siku ya kudai hudai pamoja na riba. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliichukua reli hiyo kati ya Kilosa na Gulwe, tuta likasombwa, mataruma yakabaki yananing'inia hewani kama ngazi iliyosahauliwa, na treni zikasimama kwa miezi. Reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imetobolewa mahandaki katika milima ya Kilosa na kupandishwa juu ya madaraja marefu. Nimepanda treni hiyo nikaisifu. Ila kuna dakika fulani gizani, ndani ya handaki, ambapo nilihisi kwamba tumempita Mkondoa bila kumwamkia.

Nataka sasa kueleza habari ya Ufaransa, na sitaieleza kirefu, kwa kuwa waliokwenda huko ni wengi na kila mmoja ana picha zake. Mwaka 2012 mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa akisoma Toulouse, alinialika nikae naye majuma matatu. Nilikuwa nimekwisha kufundisha jiografia miaka mingi, nikiwachorea watoto ramani za nchi ambazo sikuziona. Akili yangu ilikuwa na shauku na magoti yangu yalikuwa bado yanasikia amri. Siku ya pili akaniambia, huku akicheka, "Baba mdogo, hata hapa pana mfereji."

Ulikuwa ni Canal du Midi, urefu wake kilomita 240, kutoka Toulouse hadi ziwa la chumvi la Thau lililo pwani ya Mediterania. Aliyeubuni ni Pierre-Paul Riquet, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukusanya kodi ya chumvi, na ambaye hakuwa mhandisi. Mfalme Louis wa 14 alitoa amri ya kuuchimba mwaka 1666, na ulifunguliwa mwezi Mei 1681, miezi michache tu baada ya Riquet kufariki. Kuchimba kulikuwa na shida zake, lakini shida kubwa ilikuwa ile ile inayowakesha watu wa Lumuma: maji yatatoka wapi? Mfereji ule hupanda mpaka kilele chake mahali paitwapo Naurouze, mita 189 juu ya usawa wa bahari, nao hauwezi kupanda ila uwe na maji ya kumwagwa pande zote mbili. Riquet akaenda kuyatafuta katika Mlima Mweusi ulio kaskazini, akayakusanya kijito kwa kijito, akajenga bwawa la Saint-Ferréol, akayaleta kilele kwa mfereji mwembamba wa kulishia, unaoambaa na ubavu wa mlima kwa kushuka kidogo kidogo. Nilipoonyeshwa ule mwembamba nilikaa kitako nyasini. Ulikuwa ni mfereji wetu, umevaa nguo za mfalme.

Tulikodi baiskeli za mlimani, zenye matairi mapana na gia nyingi kuliko nilizojua kuzitumia, tukaenda kutoka Carcassonne hadi Béziers kwa siku mbili. Njia hiyo ilifanywa kwa ajili ya farasi waliokokota mashua kwa kamba. Sasa hupita waendesha baiskeli, na matairi mapana yana faida, maana mizizi ya miti imeinua ardhi kama mishipa ya mkono wa mzee. Kuanzia Trèbes mashamba ya mizabibu hufuatana nawe mkono huu na mkono huu, yamepandwa safu kwa safu, yakishuka vilimani mpaka karibu kugusa ukingo. Na kuna sehemu moja, tangu Argens-Minervois mpaka Béziers, karibu kilomita 54, ambapo mfereji hauna hata mlango mmoja wa kuinua wala kushusha mashua: huzunguka kilima baada ya kilima, huingia bondeni na kutoka, hurefusha safari mara mbili kwa kukataa kupanda hata mita moja. Mwana wa ndugu yangu alichoshwa na kona hizo. Mimi nilikuwa nyumbani. Niliwajua wale wachimbaji ambao wakati kazi ilipopamba moto walifikia watu 12,000, miongoni mwao wanawake wengi. Niliwajua kwa jinsi kona zao zilivyokwepa jiwe na kurudi kwenye mstari.

Miti ya mivinje iliyotia kivuli ukingo ule, ambayo wao huiita platane (naiita mivinje kwa kukosa jina, na walio pwani wanisamehe), ilikuwa inakatwa. Ilipandwa maelfu kwa maelfu, yapata 42,000, na kuvu mmoja asiyeonekana ameingia mbaoni. Aligunduliwa mferejini humo mwaka 2006, na inasemekana kwamba alifika Ufaransa ndani ya masanduku ya risasi ya majeshi ya Marekani wakati wa Vita vya Pili. Tulipita penye visiki vibichi vilivyofuatana mpaka jicho likachoka. Karibu na Capestang tulimkuta mfanyakazi mmoja amepiga magoti, akiziba kwa mawe mahali ukingo ulipoporomoka kwa kung'olewa mti. Nilishuka, nikaikokota baiskeli mpaka nikampita. Yeye aliinua mkono. Nami nikainua wangu.

"Baba mdogo, umechoka?"

"La. Pale ni ubavu wa mtungi."

Ilinibidi nimsimulie yote, habari ya Phoenix na yule mama mjane, tukiwa tumekaa chini ya kivuli cha mti ambao ulikuwa umekwisha kupigwa alama ya rangi. Kijana akaniuliza swali ambalo limekaa nami tangu siku hiyo: "Na hapa, zamu ni ya nani?" Maana mfereji huu uliochukua ngano na mvinyo kwa karne tatu sasa huchukua watalii tu, wenye mashua za kukodi na kofia za majani. Nilitazama maji yaliyosimama, ya kijani, mazuri kwa hakika, nikaona kwamba hapana mtu aliyelala hapa na taa ya chemli akiyasubiri. Sikujua nifurahi au nisikitike kwa ajili yao, na mpaka leo sijakata shauri.

Ama mizabibu, hiyo niliirudia kwetu. Watu hudhani zabibu ni tunda la ng'ambo, ilhali mapadre wa misheni ya Bihawana waliipanda Dodoma tangu miaka ya 1950, nayo ikaipenda nchi ile kavu kuliko tulivyoipenda sisi wenyewe. Na nilipoitazama ramani yangu ya kufundishia, iliyokwisha kuchakaa mikunjoni, niliona jambo ambalo nililipita maisha yangu yote pasipo kulizingatia: bwawa la Hombolo, ambalo kando yake pana mashamba ya mizabibu, limezibwa katika vijito vya mto Kinyasungwe, na Kinyasungwe ndiye anayekuja mpaka Kidete, akakutana na maji yetu, wakawa Mkondoa. Yaani zabibu za Hombolo na vitunguu vya Lumuma ni watoto wa mto mmoja, na hawajapata kujuliana hali.

Mwaka 2018, nikiwa na miaka 59 na barua ya kustaafu mkononi, nilimwambia mpwa wangu kwamba nataka kwenda Hombolo kwa baiskeli. Yeye alikuwa na mbili za mlimani, za mtumba, alizozinunua Dar es Salaam na kuzifufua mwenyewe. Alinitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mzee aliyeomba kitu kisicho cha umri wake.

"Mjomba, treni ipo."

"Najua ipo."

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, mwezi wa Agosti, wakati vitunguu vya mwisho vilikuwa vinang'olewa na bonde zima linanuka ukali wake mtamu. Tukapita Pwaga, tukashuka Godegode, na hapo tukaishika reli ya zamani, au tuseme mto, kwa kuwa ni kitu kimoja. Kinyasungwe wakati wa kiangazi ni mto wa mchanga: maji yake yako chini, wanyama na wanawake wanajua pa kuyachimba, na juu ni njia pana nyeupe inayomdanganya mwendesha baiskeli kwa usawa wake, kisha inayameza magurudumu mpaka kwenye ekseli. Tulikokota zaidi ya tulivyopanda. Miiba ya Ugogo nayo ilitukaribisha kwa bidii. Siku ya pili pekee tuliziba pancha sita, na solusheni ilipokwisha tulipata nyingine Gulwe kwa fundi mmoja aliyefanya kazi chini ya mbuyu, mtu wa maneno machache aliyezipima baiskeli zetu kwa macho na kuuliza bei zake kabla ya kutuuliza tutokako.

Kutoka Msagali kwenda Igandu nilishuka tena nikaenda kwa miguu, na safari hii mpwa wangu hakuniuliza. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilishindwa kupanda katika sehemu hiyo, ikarudi nyuma mtelemkoni ikizidi kasi, ikagongana na treni ya mizigo, wakafa watu 281. Mtelemko wenyewe, ukiutazama, si kitu, mtoto angeucheza. Ndio ile hila ya mteremko usioonekana kwa macho, ambao maji huutumia kwa kheri. Tuliwaombea marhumu, tukaegemeza baiskeli kwenye mgunga, tukanywa maji, na kwa muda mrefu hatukuwa na la kusema.

Kaskazini yetu, upande wa Kongwa, Waingereza walileta matrekta kwa mamia mwaka 1947 ili kulima karanga, na mwaka 1951 waliacha, baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36, kwa kuwa ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu na mvua haikuja kwa ratiba waliyoipanga. Nalitaja hili kwa kupita tu. Lakini mtu aliyetoka katika mifereji iliyochimbwa kwa jembe, na ambayo bado inatoa maji, hawezi kupita karibu na Kongwa bila kutabasamu kidogo, hata kama tabasamu hilo si la kiungwana.

Hombolo tuliifikia siku ya nne, jua likiwa utosini. Mizabibu ya huko si mirefu. Imetandazwa juu ya nyaya, majani yake yamejaa vumbi, na mashada yananing'inia chini kana kwamba yanaona haya. Mzee mmoja alikuwa akichuma. Tulimwamkia kwa Kigogo tulichokuwa nacho, "Mbukwenyi," naye akacheka kwa jinsi tulivyolitamka, akatukaribisha kivulini. Nilimuuliza jambo lililonitatiza tangu Ufaransa: kule mizabibu huvunwa mara moja kwa mwaka, wakati wa vuli, kisha baridi huilaza, hapa inakuwaje huvunwa mara mbili?

"Hapa haina baridi ya kuilaza, bwana. Mkasi ndio unaoiamuru. Ukipogoa, inaamka. Usipopogoa, inakuwa kichaka, na kichaka hakinunuliwi."

Akanieleza kwa mikono, maana mikono yake ilijua zaidi, jinsi ya kuchagua jicho la kubaki na tawi la kuondoka, na jinsi mtu mwenye huruma isivyofaa kumpa mkasi. Mavuno yake huwauzia watengenezaji wa mvinyo. Mimi zabibu kwangu ni tunda, na yanayotokea baadaye ndani ya pipa nawaachia wenyewe. Kisha na yeye akaniuliza kwetu ni wapi, nami nikamwambia: Lumuma, chini huko, ambako maji ya bwawa lako yakifurika hupita jirani yetu yakielekea baharini. Alinyamaza akilitazama bwawa, ambalo mwezi huo lilikuwa limerudi nyuma na kuacha utando wa tope lililopasuka.

"Kumbe kuna watu," akasema.

Nilimwambia wapo, tena wengi. Akauliza kama mwaka ule wa mafuriko yalitufika. Nilimwambia yalifika, na reli ikaondoka. Alitikisa kichwa, akaomba radhi, kwa dhati kabisa, kana kwamba ni yeye aliyeyafungulia. Na mimi, ambaye miaka 47 nyuma niliwahi kuyafungulia maji yakamwangukia mtu, sikupata neno la kumjibu isipokuwa kumshukuru. Alitupimia zabibu kilo nne na kukataa fedha ya moja.

Tulirudi kwa njia ile ile, safari hii tukiwa na mteremko upande wetu, nami nilizifunga zabibu nyuma ya kiti kwa vipande vya tyubu kama nilivyofundishwa, kwa kukaza, pasipo kukumbuka kwamba kitunguu na zabibu havikuumbwa kwa mfungo mmoja. Mchanga wa Kinyasungwe, mataruma ya Godegode na mawe ya Pwaga vilifanya kazi yao. Tulipofika kona ya mfereji tulishuka wote wawili, mpwa wangu akiwa wa kwanza, tukakokota. Nyumbani shangazi yangu, ambaye hakuona faida yoyote katika safari hii tangu ilipotajwa, aliufungua mfuko, akatia mkono, akautoa ukichuruzika mpaka kiwikoni.

"Siku nane," akasema, "umekwenda mpaka Hombolo kutuletea maji?"

Akauinua mfuko, akatoka nao nje, akayamwaga yote penye mche wa papai.